Mama Mkwe Nyuma ya Pazia

Watu wa mtaa wetu walidhani napima macho. Nilieleza, nikarudia, nikachoka. Kliniki yenyewe ilikuwa chumba kimoja kando ya kanisa, huku Eastlands, kati ya nyumba za reli na zile za kaunsili, na mlangoni tulibandika karatasi iliyosema kwamba hapa wanasaidiwa watu waliopatwa na mambo ya kutisha. Nani aliisoma? Mtu anapita, anachungulia dirishani, ananiona nimeketi mbele ya mama fulani nikipeleka vidole viwili kushoto na kulia, na yule mama anavifuata kwa macho bila kugeuza kichwa. Kesho yake nina foleni ya wazee wanaotaka miwani. Mmoja alinisomea kalenda yote iliyokuwa ukutani, kutoka mlangoni, kisha akasimama akingoja nimsifu. Vijana waliokuwa wakishinda kwenye ukuta wa bafu za mtaa walinipa jina. "Niaje, mathe wa macho!" wananipigia kelele, mimi mtu mzima mwenye sare ya unesi. Niliwaitikia, kwa sababu ukikasirika ndiyo wanazidisha.

Tiba yenyewe ilikuwa mpya wakati huo, miaka ya tisini. Nilifunzwa na mgeni aliyekuja mjini, akatufundisha, akaondoka. Si jambo gumu kulieleza. Mtu akiona jambo baya kupita kiasi, jambo hilo hukwama ndani yake, halizeeki. Linarudi na harufu yake na sauti yake, leo kama jana. Basi unamwambia alishike akilini, pale palipo pabaya kabisa, aseme linamfanya ajione mtu wa namna gani, aseme mwilini linamkaba wapi, halafu afuate vidole vyako kwa macho, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Unasimama. Anavuta pumzi. Unamuuliza, nini kimekuja? Akikujibu, huanzi kumhubiria, unasema tu, endelea na hilo, na vidole vinaanza tena. Wasomi wa ng'ambo walikuwa wakigombana kama macho yenyewe yana kazi yoyote, au ni kule kukumbuka tu ukiwa na mtu karibu. Waliniudhi sana hao. Niliona watu wakipata nafuu mbele yangu, na mtu akiniuliza kwa nini, sikuwa na jibu.

Kwa sababu ya ugomvi huo wa wasomi, tulikuwa na mtafiti. Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, umri wa mdogo wangu wa mwisho, shati limenyooshwa mpaka kola inakata. Kazi yake ilikuwa kupima, si kutibu. Aliwahoji watu kabla ya tiba na baada ya tiba, na swali lake kubwa lilikuwa hili: ukikumbuka tukio hilo sasa hivi, linakusumbua kiasi gani, kutoka sifuri mpaka kumi? Swali zuri. Sasa jaribu kuwauliza watu waliookoka! Wagonjwa wetu wengi walikuwa Wakristo kutoka magharibi mwa nchi, watu wa viwandani na wa biashara ndogo ndogo, na kwetu mtu aliyeokoka hakiri kwamba bado anaumia. Kukiri hivyo ni kusema Mungu ameshindwa na kazi. Mama mmoja muuza mboga, aliyeona nyumba za jirani zake zikiteketea kule Mathare na watu wakiwa ndani, alikaa mbele ya mtafiti akitetemeka mpaka miguu ya kiti ikagonga sakafu, akasema, "Sifuri. Bwana asifiwe." Mtafiti akaandika sifuri.

"Daktari," nikamwambia, "hebu mtazame."

"Naandika ninachoambiwa, sista."

Lo! Mwenye macho haambiwi tazama, lakini huyu aliambiwa na bado hakutazama. Nilimpa yule mama maji ya kunywa, tukaanza kazi yetu.

Hayo yote ningeyavumilia. Lililonifikisha mwisho ni la mkwe wangu.

Dada yangu mkubwa alikuwa na binti aliyeolewa hapa hapa mtaani, si mbali na kwangu. Mtoto wa dada yangu ni mtoto wangu, ndivyo tulivyo, na yeye aliniita mama. Kwa hiyo mumewe ni mkwe wangu. Na kwetu mkwe na mama mkwe hawapeani mkono. Hawaketi karibu, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Akiniona naenda bombani anageuza njia. Nikimwona mimi kwanza, natanda leso kichwani na kushika ukingo wa pili wa barabara. Si chuki, ni heshima. Na huyo bwana alikuwa ananiheshimu kwelikweli, kwani tangu amwoe binti yetu sikuwahi kuijua sura yake vizuri.

Alifanya kazi Industrial Area, kwenye chumba cha boila, tangi la kuchemshia mvuke, katika kiwanda kimoja. Siku moja boila ikapasuka. Mwenzake, rafiki yake wa siku nyingi, akafa pale pale. Yeye aliungua mkono wa kulia. Mkono ulipona, mwenyewe hakupona. Sufuria ikichemka, kifuniko kikianza kurukaruka, alitoka mbio, viatu au bila viatu, akaenda kukaa kando ya reli mpaka jioni. Binti yangu akawa anapikia kwenye baraza la jirani na kuleta chakula kikiwa kimepoa. Chai haikupikwa tena nyumbani mwao, na nyumba ya watu wa kwetu isiyo na chai ni msiba. Hospitalini alipewa vidonge vya usingizi. Akalala, akaiota boila.

Kiwanda kilimwambia arudi kwenye boila mpya ifikapo mwisho wa mwezi, la sivyo nafasi apewe mwingine. Binti yangu alikwisha kufunga vyombo kwenye katoni. Mpango ulikuwa yeye na watoto warudi kwa wakwe zake kijijini, mume abaki mjini kutafuta vibarua. Abaki peke yake, mtu yule, na reli iko pale. Hakuna aliyelisema kwa sauti, lakini sote tulilijua, na mimi lilininyima usingizi.

Na ni nani wa kumtibu? Tuliofunzwa mtaani tulikuwa wawili. Mwenzangu, mwanamume, alipata nafasi ya masomo akaenda zake. Nikabaki mimi, mganga anayeponya kwa kutazamwa, na mgonjwa asiyeruhusiwa kunitazama.

Binti yangu alimburuta kliniki hata hivyo. Akaingia, akageuza kiti kikaelekea mlangoni, akaketi akinipa bega.

"Mkwe," nikasema, "tazama vidole."

"Nimesikia, mama." Macho kwenye viatu vyake.

"Vidole viko huku juu."

"Najua viko wapi, mama. Siwezi."

Nikavishusha vidole mpaka karibu na sakafu, nikainama kama mtu anayetafuta sindano, nikisema labda huko ataviona bila kuniona. Akaona magoti yangu, akafumba macho kabisa. Nilitaka kumzaba kofi, na kumgusa nako siwezi. Akaaga kwa adabu nyingi, akatoka kinyumenyume, akajigonga kwenye fremu ya mlango.

Nikamwendea mtafiti. Nikamwambia, wewe ni mwanamume, vidole unavyo, mimi nitakuelekeza hatua kwa hatua. Akasema haiwezekani, anayepima hawezi kutibu, matokeo yataharibika.

"Na mtu akiharibika?"

"Sista, hizo ni mila tu. Mweleze kwamba ndani ya kliniki wewe si mama mkwe wake, wewe ni mtaalamu."

"Wewe umeoa?"

"Nimeoa."

"Kwenu ni wapi?"

Akataja. Ni ng'ambo ya mto kutoka kwetu! "Haya," nikasema, "nenda kwa mama mkwe wako Jumapili, mkalie magoti kwa magoti, umkodolee macho, umweleze kwamba siku hiyo wewe si mkwe, wewe ni mtaalamu." Akakohoa, akapanga karatasi zake. Nilitoka pale nimekasirika mpaka machozi yakanitoka barabarani, na wale vijana wa ukutani, kwa mara ya kwanza, hawakuniita.

Binti yangu nilimkuta bombani akifua. Nilimmwagia hasira zote. Kwamba mumewe ni kichwa ngumu, kwamba mila zetu zitatuua, kwamba yeye mwenyewe aliona wanaume wote wa Nairobi akachagua huyu mwenye adabu ya kupita kiasi. Akalitupa shati ndani ya karai, maji yakanirukia.

"Basi kaa nyuma ya pazia, mama! Wewe useme, mimi nipunge mkono! Mimi ananitazama kila siku!"

Nilimkumbuka mama yangu mzazi, yuko jikoni, shemeji yangu, mume wa dada, yuko uani, ukuta wa udongo katikati, na wawili hao wakizungumza habari za ng'ombe, magonjwa na ada za shule, mpaka wakicheka. Walikuwa wakizungumza mengi kuliko watu wanaotazamana.

Lakini niliogopa. Niseme ukweli, niliogopa sana. Katika tiba hii uso wa mgonjwa ndio unaokuambia uendelee au usimame. Kumfungua mtu kidonda bila kumwona ni hatari, na mkono wenyewe ungekuwa wa mtu asiyefunzwa. Nilimleta binti yangu jikoni kwangu nikamfundisha, jioni baada ya jioni. Alikuwa mwanafunzi mbaya. Mkono ukichoka anaulegeza, mawazo yakihama mkono unahama nayo. Siku moja alichukua mwiko wa ugali ili apungie huo, apumzishe vidole. "Weka chini!" nikamkemea. "Unataka kumwelekezea mume wako mwiko? Si afadhali umwache na boila yake?" Akacheka hadi akakaa chini, na mimi nikacheka, mara ya kwanza tangu balaa ile ianze.

Tulianza Jumamosi mchana, watoto wakiwa kwa jirani. Nyumba yao ilikuwa chumba kimoja, na pazia la maua katikati. Nilikaa upande wa mlango kwenye kigoda, karibu na zile katoni zilizofungwa kamba, kwa sababu upande wa pili kulikuwa na kitanda chao, na mama mkwe kukaribia kitanda hicho ni heri afe. Wao waliketi huko wakitazamana. Niliona miguu yao tu chini ya pazia.

Nikamwambia kwanza afikirie mahali anapopata amani. "Shambani kwa marehemu mama," akasema, "mahindi yakiwa yamefika magotini." Binti yangu akaanza kupunga, nikasikia bangili zake zinalia mbiombio.

"Polepole! Unafukuza nzi?"

"Mkono unauma, mama!"

"Vumilia. Wangu unauma tangu nifunzwe kazi hii."

Bangili zikatulia, zikawa zinalia kushoto, zinalia kulia. Nikagundua kwamba kwa bangili zile naweza kuufuata mkono bila kuuona. Nikamwambia mkwe, sasa nenda pale pabaya. Niambie linakusumbua kiasi gani, sifuri mpaka kumi. Naye ni mtu aliyeokoka, mwanakwaya, nikajiandaa kusikia Bwana asifiwe.

Akasema, "Mama, ningekuwa mbele yako ningesema sifuri."

"Na hapa ulipo?"

"Kumi. Tena kumi ni kidogo."

Miezi yote ile ya karatasi na maswali, na huyu ndiye mtu wa kwanza wa kwetu aliyeniambia kumi.

"Unaona nini?"

"Inalia. Boila inalia, mvuke unapiga filimbi. Mimi nimeshika kikombe. Mwenzangu ananiambia, twende tuiangalie. Namwambia, tangulia wewe, acha nimalize chai."

"Na hilo linakufanya ujione nani?"

"Muuaji."

Bangili zikanyamaza. Nikaelewa kwamba habari ya kikombe binti yangu alikuwa haijui. Miezi yote ameishi na mtu anayekimbia sufuria, na hakuwahi kuambiwa ni kwa nini. Nilimsikia akivuta kamasi.

"Usisimame!" nikasema, na sauti yangu ilikuwa kali kuliko nilivyotaka. "Hapo ndipo hasa pa kutosimama. Punga, mwanangu, punga." Akapunga akilia. Mumewe alikuwa analia. Na mimi upande wangu nililia, lakini mimi nilikuwa kazini, nikaendelea kuuliza, nini kimekuja? Endelea na hilo.

Hakupona siku hiyo. Alikwenda relini tena wiki ile, na binti yangu alinijia akinilaumu kwamba nimemchochea mumewe vibaya, nikamwambia ndivyo inavyokuwa, nami moyoni nikijiuliza kama sitamwua mtoto wa watu. Tulirudi Jumamosi iliyofuata, na katikati ya juma pia. Alirudia kikombe kile, akakirudia, mpaka nikakichukia. Halafu siku moja bangili zilipotulia nikauliza kama kawaida, nini kimekuja, akajibu kwa sauti ya mtu aliyekasirika.

"Ilikuwa inalia kila siku, mama."

"Endelea na hilo."

"Kila siku! Tulimwambia msimamizi, akasema endeleeni na kazi. Ililia wiki nzima na wiki nzima tulikunywa chai. Hata yeye marehemu alikunywa. Siku zote tunakwenda kuiangalia, hakuna kitu, tunarudi." Akapumua. "Ningetangulia mimi, mimi ndiye ningezikwa. Hakuna aliyejua."

Nilimwomba arudie lile neno lake la mwanzo, muuaji, aniambie sasa linasikikaje. Alilitamka, akakaa nalo kidogo, akasema halimkai tena.

Nilikwenda kwa mtafiti nimejaa furaha kama mjinga. Nikamweleza. Akauliza ni nani aliyepunga mkono. Mkewe. Mimi nilikuwa wapi? Nyuma ya pazia. Akaweka kalamu chini.

"Huyo hawezi kuhesabiwa, sista. Ni jamaa yako, mkono si wa mtaalamu, na hata mimi sikumpima."

"Wale wa sifuri wanaotetemeka wanahesabiwa, na huyu aliyesema kumi ya kweli hahesabiwi?"

"Kanuni ni kanuni."

Kwa upande wa sayansi alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Ukimruhusu kila mtu apunge anavyotaka, utajuaje ni nini kilichoponya? Nilijua. Lakini ningependa angalau aseme pole, au vizuri, au hata lo. Nilipofika mlangoni akaniita, akaniuliza kwa sauti ya chini pazia lilikuwa zito kiasi gani. Nikamwambia akamuulize mama mkwe wake.

Ikabaki Jumapili ya mwisho wa mwezi. Kesho yake alitakiwa kazini, boila mpya, mvuke ule ule. Hata nafuu yake sikuiamini. Mtu anaweza kusema maneno mazuri chumbani, na filimbi moja ikalia akawa huyo mbioni, kazi ikaisha, katoni zikapakiwa. Nilifika baada ya ibada, nikakaa kwenye kigoda changu. Nikasikia kiberiti kinawashwa. Nikasikia harufu ya mafuta ya taa ya stovu, upande wao.

"Nani anapika humo?"

Miguu ya binti yangu iko pembeni, kando ya ukuta. Ya mumewe, mitupu, iko karibu na stovu. Maji yakaanza kuunguruma. Nikataka kupiga kelele, toa sufuria hiyo, wewe, usijijaribu leo, kesho una kazi! Kifuniko kikacheza mara moja, kikatulia. Kikaanza tena, kikarukaruka kwelikweli, kile kile alichokuwa akikikimbia. Nikaona vidole vya miguu yake vinang'ang'ania saruji. Kisigino kikainuka.

Nikauliza kwa sauti ya kazini, "Nini kimekuja?"

Kifuniko kiliendelea kucheza. Kisigino kikashuka.

"Chai, mama. Imechemka. Na vikombe viko kwenye katoni."

Binti yangu akaja upande wangu mbio, akapiga magoti, akashindwa kufungua kamba, akaikata kwa meno. Akachukua vikombe, akarudi. Nikasikia chai ikimiminwa. Halafu kikombe kikasukumwa chini ya pazia juu ya sahani, na mkono uliokisukuma ulikuwa wa kulia, wenye ngozi ya kuungua, na hakikumwagika hata kidogo.

Kwetu mama mkwe hali wala hanywi nyumbani kwa mkwe wake. Alijua hilo kuliko mtu yeyote, yule bwana wa heshima. Nilikitazama kikombe kile mvuke ukinipanda usoni. Kisha nikakichukua, nikanywa yote mpaka majani ya chini, nikilia, nikilalamika kwamba sukari imezidi.